Nyongo ikivimba: Utalazwa hospitalini siku ngapi?

Saa kumi jioni, wakati wa kuwaona wagonjwa, swali moja husikika mara kwa mara katika wadi za upasuaji: "Atatoka lini?" Anayeuliza huenda ni mume aliyeomba ruhusa ya siku mbili kazini, binti aliyewaacha watoto kwa jirani, au ndugu ambaye tayari ameanza kupiga hesabu ya mchango. Muuguzi humjibu, "Ngoja daktari apite kesho." Kesho ikifika, daktari naye husema, "Tutaona."

Hilo si swali la utovu wa subira. Kila siku ambayo mtu analala hospitalini ina gharama yake: kitanda, dawa, nauli ya wanaokuja kumwona, na mshahara wa kibarua usiolipwa. Aliyejua mapema kwamba atalazwa siku tatu hujipanga kwa njia moja, na aliyejua kwamba atalazwa wiki mbili hujipanga kwa njia nyingine kabisa.

Kwa ugonjwa mmoja unaoweza kumwangusha mtu ghafla, yaani kuvimba kwa mfuko wa nyongo, jibu linaweza kukisiwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Yapo mambo ambayo madaktari huyatazama ili kukisia urefu wa safari ya mgonjwa. Ukiyafahamu, msomaji, utaona kwamba baadhi ya siku hizo huamuliwa kabla mgonjwa hajafika kwenye lango la hospitali.

Nyongo hukaa wapi?

Mfuko wa nyongo una umbo la pea na umejishika chini ya ini, upande wa kulia, pale mbavu zinapoishia. Ini hutengeneza kati ya nusu lita na lita moja ya nyongo kila siku. Sehemu ya nyongo hiyo huwekwa akiba katika mfuko huo, ambao hubeba mililita 30 hadi 50 hivi, yaani kama vijiko viwili au vitatu vya mezani. Unapokula chakula chenye mafuta, mfuko hujikaza na kumwaga nyongo katika utumbo ili isaidie kuyayeyusha mafuta hayo.

Taabu huanza nyongo inapoganda na kuwa mawe. Mengine huwa madogo kama chembe za mchanga, mengine makubwa kama gololi. Watu wengi huishi na mawe hayo maisha yao yote bila kujua. Lakini jiwe likikwama katika shingo ya mfuko, nyongo hukosa njia ya kutoka, mfuko hujaa, kuta zake huvimba, na viini vya ugonjwa hupata nafasi ya kushambulia. Katika kila wagonjwa 10 wa namna hii, tisa au zaidi huwa na mawe. Wachache wasio na mawe aghalabu ni watu ambao tayari wamo mahututi kwa sababu nyingine, kwa mfano walioungua vibaya au waliofanyiwa upasuaji mkubwa.

Wanawake hupata mawe ya nyongo zaidi ya wanaume, hasa waliozaa, walionenepa na waliopita umri wa miaka 40. Hata hivyo, kijana asijidanganye kwamba huu ni ugonjwa wa akina mama peke yao. Wagonjwa wa selimundu, ambao ni wengi katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, hupata mawe wakiwa bado wadogo. Chembe zao nyekundu za damu huvunjika upesi, na mabaki yake hujikusanya katika nyongo na kugeuka mawe.

"Vidonda vya tumbo" visivyopona

Mtu akishikwa na maumivu juu ya kitovu, jambo la kwanza analoambiwa na marafiki ni kwamba ana vidonda vya tumbo. Atanunua dawa ya kupunguza asidi kwenye duka la dawa, atakunywa maziwa, na atangoja. Maumivu ya nyongo huwahadaa wengi kwa njia hii, kwa maana nayo huanzia karibu na mahali hapo na huja baada ya kula, hasa mlo wa mafuta mengi kama nyama choma, chapati au chipsi.

Lakini kuna tofauti. Maumivu ya nyongo huelekea upande wa kulia chini ya mbavu, na mara nyingi hupanda hadi kwenye bega la kulia au mgongoni. Jiwe likizuia kwa muda kisha likaachilia, maumivu hutulia baada ya saa chache. Yakiendelea kwa zaidi ya saa sita, yakaandamana na homa, kichefuchefu au kutapika, huenda mfuko umeanza kuvimba. Hapo dawa ya asidi haina msaada.

Hospitalini, daktari atabonyeza chini ya mbavu za kulia na kukuambia uvute pumzi. Ikiwa pumzi itakatika ghafla kwa uchungu, hiyo ni dalili inayoitwa ya Murphy, kwa jina la John B. Murphy, daktari mpasuaji wa Chicago aliyeieleza mapema katika karne ya 20. Kisha damu itapimwa na picha ya ultrasaundi kupigwa ili kuona mawe, unene wa kuta za mfuko, na kama kuna maji yaliyojikusanya kando yake.

Ngazi tatu za ugonjwa

Mwaka wa 2007 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walitoa mwongozo unaojulikana kama Mwongozo wa Tokyo, ambao ulifanyiwa marekebisho mwaka wa 2013 na tena 2018. Mwongozo huo huugawanya ugonjwa huu katika ngazi tatu, na ngazi hizo ndizo msingi mzuri wa kukisia siku.

Ngazi ya kwanza ni ya ugonjwa mwepesi. Mfuko umevimba, lakini viungo vingine vya mwili vinafanya kazi yake sawasawa.

Ngazi ya pili ni ya kati. Mgonjwa huingizwa hapa akiwa na mojawapo ya mambo haya: chembechembe nyeupe za damu zimepita 18,000 katika kipimo ambacho kwa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi; uvimbe unashikika kwa mkono chini ya mbavu; picha inaonyesha usaha au sehemu ya mfuko iliyoanza kuoza; au maumivu yamedumu zaidi ya saa 72.

Ngazi ya tatu ni ya hatari. Ugonjwa umetoka katika nyongo na kuanza kuangusha viungo vingine: shinikizo la damu limeshuka hata linahitaji dawa ya kulipandisha, mgonjwa amechanganyikiwa, figo hazitoi mkojo wa kutosha, mapafu yameshindwa kuvuta oksijeni inavyotakiwa, au damu haigandi vyema.

Tazama tena lile sharti la saa 72 katika ngazi ya pili. Siku tatu za kungoja nyumbani zatosha, peke yake, kumpandisha mgonjwa kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili, hata kama vipimo vingine vyote ni vizuri. Sababu ni kwamba kadiri siku zinavyopita, mfuko hujigandisha na ini pamoja na utumbo ulio karibu, na kazi ya mpasuaji huwa ngumu zaidi.

Mambo matano yanayoongeza siku

Mbali na ngazi ya ugonjwa, yapo mambo matano ambayo daktari huyaweka kwenye mizani.

La kwanza ni umri. Mzee hupona polepole, na mara nyingi dalili zake hujificha. Anaweza kuwa na mfuko uliooza ilhali hana homa wala hapigi kelele za uchungu.

La pili ni magonjwa mengine. Kisukari, ugonjwa wa moyo, wa figo au wa mapafu huongeza siku, kwa sababu ni lazima yatulizwe kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, na huchelewesha kupona kwa jeraha baadaye. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi, kwani kwake mfuko huwahi kuoza.

La tatu ni vipimo vya damu. Licha ya chembechembe nyeupe, hospitali nyingi hupima protini iitwayo CRP, ambayo ini huitoa kwa wingi wakati mwili unapambana na uvimbe. CRP iliyo juu sana ni ishara kwamba upasuaji huenda ukawa mgumu na kwamba mgonjwa hatatoka upesi.

La nne ni jiwe kuteleza. Likitoka kwenye mfuko na kuingia katika mfereji mkuu wa nyongo, macho huwa ya manjano na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Likiziba njia ya kongosho, huleta ugonjwa mwingine mkali. Mara nyingi jiwe kama hilo hutolewa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na si kila hospitali ina kifaa hicho. Siku za kungoja kuhamishwa huongezeka juu ya siku za ugonjwa.

La tano ni upasuaji wenyewe: utafanywa lini, na kwa njia gani. Hili ndilo lililofanyiwa utafiti mwingi, na ndilo lenye kuleta tofauti kubwa.

Kutoka wiki sita hadi siku chache

Mtu wa kwanza kuondolewa mfuko wa nyongo kwa mafanikio alipasuliwa na Carl Langenbuch jijini Berlin, Ujerumani, mwezi wa Julai 1882. Mgonjwa huyo alikuwa mwanamume wa miaka 43. Siku iliyofuata alikuwa akivuta sigara kubwa, lakini ruhusa ya kwenda nyumbani aliipata baada ya wiki sita.

Mwaka wa 1985 Mjerumani mwingine, Erich Mühe, aliutoa mfuko kupitia matundu madogo tumboni bila kulipasua tumbo kwa mkato mrefu. Leo mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa matundu bila matatizo aghalabu hutoka siku moja au mbili baadaye, na wengine hutoka siku hiyo hiyo. Aliyepasuliwa kwa mkato mrefu hukaa siku tatu hadi tano, au zaidi.

Swali lililobaki ni la wakati. Kwa miaka mingi madaktari walipendelea kwanza kuutuliza mfuko kwa dawa, kumrudisha mgonjwa nyumbani, na kumwita tena baada ya wiki kadhaa ili apasuliwe. Mwaka wa 2013 matokeo ya utafiti uliowahusisha wagonjwa 618, uliofanywa chiefly Ujerumani, yalitolewa. Kikundi kimoja kilipasuliwa ndani ya saa 24 baada ya kufika hospitalini. Kikundi cha pili kilipewa dawa kwanza na kupasuliwa kati ya siku ya 7 na ya 45. Waliopasuliwa mapema walilala hospitalini kwa wastani wa siku 5.4, na waliongojeshwa siku 10. Matatizo yaliwapata asilimia 11.8 ya kikundi cha kwanza na asilimia 34.4 ya kikundi cha pili. Gharama pia ilikuwa chini kwa waliowahi.

Je, wale walio dhaifu mno? Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 uliwatazama wagonjwa 142 ambao upasuaji kwao ulikuwa wa hatari. Wengine walipasuliwa kwa matundu, wengine wakawekewa mrija wa kutoa usaha kwenye mfuko. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 12 ya waliopasuliwa, lakini asilimia 65 ya waliowekewa mrija. Nusu ya waliopasuliwa walitoka katika siku tano au chini yake. Kwa waliowekewa mrija ilichukua siku tisa. Mrija ungali na kazi yake kwa mgonjwa asiyeweza kustahimili dawa ya usingizi, lakini mtu asidhani kwamba ndio njia ya mkato ya kwenda nyumbani.

Tupige hesabu

Tuseme mwalimu wa kike wa miaka 34 amepatwa na maumivu Jumamosi usiku baada ya karamu ya harusi. Jumapili asubuhi yuko hospitalini. Chembechembe zake nyeupe ni 13,000, hana ugonjwa mwingine, macho yake ni meupe, na picha inaonyesha mawe na kuta nene. Huyu ni wa ngazi ya kwanza. Hospitali ikiwa na vifaa vya upasuaji wa matundu na chumba cha upasuaji kikipatikana Jumatatu, familia yake inaweza kumtarajia nyumbani katikati ya wiki.

Sasa tuseme mzee wa miaka 68 mwenye kisukari ameumwa kwa siku tano akitumia dawa za vidonda vya tumbo. Anafika akiwa na chembechembe 21,000, sukari imepanda, na mkojo ni kidogo. Kwanza atatiwa maji ya mshipani na dawa za kuua viini, na sukari yake itatulizwa. Kipimo cha figo kikionyesha kwamba zimelemewa, atakuwa ameingia ngazi ya tatu. Huenda akahitaji chumba cha wagonjwa mahututi. Huenda pia upasuaji ulioanza kwa matundu ukageuzwa na kuwa wa mkato mrefu. Familia yake ijitayarishe kwa wiki moja, na isishangae zikifika mbili au zaidi.

Wote wawili walianza na jiwe lililokwama. Umri na kisukari ni mizigo ambayo mzee hangeweza kuitua. Lakini zile siku tano za kungoja, hizo zilikuwa mikononi mwake. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua.

Kisio si ahadi

Ni kwa nini basi daktari husema "tutaona"? Kwa sababu hakuna kipimo hata kimoja kinachotoa idadi kamili ya siku. Mgonjwa wa ngazi ya kwanza anaweza kuvuja nyongo baada ya upasuaji, au jeraha likaingia viini. Naye mzee wa kisukari anaweza kuwashangaza wote na kutembea siku ya tatu.

Kwa hivyo uliza swali hilo kwa wakati ufaao, na uliulize zaidi ya mara moja. Siku ya kwanza, kabla ya vipimo kurudi, jibu litakuwa la kubahatisha. Baada ya saa 24 daktari atakuwa ameona damu, picha, na jinsi mwili unavyopokea dawa. Baada ya upasuaji atakuwa ameuona mfuko kwa macho yake, na hapo kisio chake huwa na uzito zaidi.

Siku za ugonjwa na siku za bili

Hapa Kenya kuna hesabu nyingine isiyopatikana katika vitabu vya udaktari. Mgonjwa anaweza kuwa amepona na kupewa ruhusa, lakini akabaki kitandani kwa sababu bili haijalipwa. Mahakama Kuu iliamua mwaka wa 2015 kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni la hospitali ni kuvunja haki zake, lakini ni vyema kujikinga mapema kuliko kungoja mvutano. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024. Hakikisha umejisajili na kwamba michango yako imelipwa. Siku ile ile mgonjwa anapolazwa, mtu mmoja wa familia aende ofisi ya bima ya hospitali aulize ni nini kitakacholipiwa na ni nini kitakachowabakia.

Maswali ya kumwuliza daktari

Yaandike kwenye karatasi ili usiyasahau:

1. Mgonjwa wetu yuko katika ngazi gani ya ugonjwa?

2. Je, atapasuliwa katika kulazwa huku, au atarudi baadaye? Ikiwa ni baadaye, kwa sababu gani?

3. Upasuaji utakuwa wa matundu au wa mkato mrefu? Kama hapa hakuna vifaa, je, inafaa ahamishwe sasa?

4. Kuna dalili ya jiwe katika mfereji mkuu wa nyongo?

5. Ni ugonjwa gani mwingine alio nao unaoweza kumchelewesha?

6. Mambo yakienda vyema atatoka baada ya siku ngapi? Yakienda vibaya je?

Swali la sita lina sehemu mbili kwa makusudi. Daktari anayesita kutaja siku moja atakubali kwa urahisi zaidi kutaja siku mbili, ya karibu na ya mbali. Panga kazi na watoto kwa kufuata ile ya karibu, na panga pesa kwa kufuata ile ya mbali.

Mgonjwa akisharudi nyumbani, arudishwe hospitalini mara moja akiona homa, macho ya manjano, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au jeraha linalotoa usaha. Asiye na mfuko wa nyongo huishi maisha ya kawaida, kwa maana ini huendelea kutengeneza nyongo na kuimwaga moja kwa moja katika utumbo.

Na wewe ambaye leo usiku utashikwa na uchungu chini ya mbavu za kulia, angalia saa yako. Saa sita zikipita na maumivu bado yapo, au homa ikaja kabla ya hapo, usiende kutafuta chupa nyingine ya dawa ya asidi. Nenda hospitalini usiku huo huo, nawe utakuwa umejipunguzia siku za kulala huko.